Georges Lemaître: Askari wa Mizinga Aliyetambua Kwamba Ulimwengu Unapanuka

Mara nyingi maisha ya watu mashuhuri yanayoandikwa kwa ajili ya askari ni maisha ya majemadari. Leo tumemchagua mtu ambaye hakuwa jemadari wala kanali. Alikuwa askari wa kawaida wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Vita viliichukua miaka minne ya ujana wake, miaka ambayo wenzake wa nchi zisizopigana waliitumia kumaliza vyuo vikuu. Hata hivyo, baada ya kuvua sare alirudi darasani, akasoma fizikia, akasoma elimu ya nyota, na hatimaye akawa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kueleza kwa hesabu jinsi ulimwengu ulivyoanza. Jina lake ni Georges Lemaître, raia wa Ubelgiji.

Tumemchagua kwa sababu maalumu. Hapa Kampala askari na polisi wengi hupita kila siku mbele ya lango la Chuo Kikuu cha Makerere wakiwa kazini. Tumewasikia vijana wakisema kwamba lango lile si lao tena, maana umri umekwenda na kazi ya ulinzi imekula wakati wa masomo. Ndugu wasomaji, tunawaomba wayafuate maisha ya mtu huyu hadi mwisho kabla ya kukata shauri.

UTOTO NA MASOMO YA KWANZA

Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 katika mji wa Charleroi, kusini mwa Ubelgiji, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya vioo. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yake, Joseph, alikuwa na kiwanda cha vioo, lakini kiwanda hicho kiliungua moto na jamaa yote ikahamia mji mkuu wa Brussels kuanza maisha upya. Georges alisomeshwa katika shule za mapadri Wajesuiti. Tangu akiwa na umri wa miaka tisa hivi alikuwa ameazimia mambo mawili kwa pamoja: kuwa padri na kuwa mtaalamu wa sayansi. Baba yake hakumkataza, ila alimshauri asome kwanza kazi ya kumpatia riziki. Kwa hiyo mwaka 1911 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kusomea uhandisi.

VITANI

Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ubelgiji. Lemaître alikuwa na umri wa miaka 20. Siku chache baadaye yeye na mdogo wake Jacques walijiandikisha jeshini kwa hiari. Mwezi huohuo mji wa Louvain ulichomwa, na maktaba ya chuo chake, yenye vitabu zaidi ya 200,000, ikateketea.

Alianza katika askari wa miguu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule jeshi dogo la Ubelgiji lilisukumwa hadi mto Yser, karibu na bahari, na huko Lemaître alipigana nyumba kwa nyumba. Wabelgiji walifungua milango ya maji wakaifurika nchi tambarare, na adui akazuiliwa. Baadaye alihamishiwa kwenye mizinga. Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungua mitungi ya hewa ya sumu ya klorini karibu na mji wa Ypres, na Lemaître alikuwa miongoni mwa walioyaona maafa hayo kwa macho yao. Hakuyasahau maishani.

Vita hivyo havikuwa mbali na kwetu. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na kuuteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba, na miongoni mwa waliolibebea mizigo walikuwamo wapagazi kutoka Uganda. Kwa hiyo, wakati Lemaître alipokuwa katika mahandaki ya Yser, babu zetu walikuwa njiani wakiwatumikia Wabelgiji katika vita vilevile.

Katika mahandaki hayo Lemaître alisoma. Alikuwa na vitabu vya Henri Poincaré, mwanahisabati mkuu wa Ufaransa, na alivisoma katika nafasi za utulivu kati ya shambulio na shambulio. Inasimuliwa pia kwamba siku moja aligundua kosa la hesabu katika mafunzo ya kulenga mizinga, akamwonyesha mkufunzi wake, na badala ya kushukuriwa akahesabiwa kuwa mkaidi na kukosa kupandishwa cheo. Sisi tuliopita katika shule ya makadeti tunajua uzito wa jambo hilo. Nidhamu ni uti wa mgongo wa jeshi. Lakini kombora halisomi cheo cha aliyepiga hesabu. Hesabu ikikosewa, kombora huanguka mahali pasipotakiwa, hata kama aliyeikosea ni afande mkubwa.

Ni ajabu kwamba vita hivyo viliwakuta wataalamu wengine wawili wa fani hiyohiyo wakiwa katika sare za majeshi mengine. Karl Schwarzschild, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota cha Potsdam, alijiunga na jeshi la Ujerumani akiwa na umri uliopita miaka 40, na alipiga hesabu za mizinga. Mwishoni mwa mwaka 1915, wiki chache tu baada ya Albert Einstein kutangaza nadharia yake ya uhusianifu kwa jumla, Schwarzschild alipata jibu la kwanza kamili la hesabu zake akiwa bado jeshini. Aliugua ugonjwa wa ngozi na kufariki mwezi wa Mei 1916. Upande wa pili, Aleksandr Friedmann wa Urusi alitumikia jeshi la anga na kuchunguza jinsi mabomu yanavyoanguka kutoka kwenye ndege. Mwaka 1922 alionyesha kwamba, kwa hesabu za Einstein, ulimwengu unaweza kupanuka. Naye alifariki mapema, mwaka 1925, kwa homa ya matumbo. Watu hao watatu hawakupata kufanya kazi pamoja, lakini kazi zao zote zilitokana na hesabu za Einstein.

KURUDI DARASANI

Vita vilikwisha Novemba 1918. Lemaître aliondoka jeshini mwaka 1919 akiwa na umri wa karibu miaka 25, na nishani ya Msalaba wa Vita kifuani. Angeweza kuumaliza uhandisi na kutafuta kazi. Badala yake aliuacha kabisa, akaanza kusoma hisabati na fizikia, na mwaka 1920 alipata shahada ya udaktari. Mwaka huohuo aliingia seminari ya Mechelen, katika nyumba iliyowekwa kwa ajili ya wanaume waliochelewa kuanza masomo ya upadri, wengi wao wakiwa wametoka vitani. Huko, pamoja na masomo ya dini, aliruhusiwa kujifunza nadharia ya Einstein. Tukumbuke kwamba Makerere yenyewe ilianzishwa katika miaka hiyohiyo, mwaka 1922, ikiwa shule ndogo ya ufundi.

Alipadrishwa tarehe 22 Septemba 1923, na mara akapata msaada wa fedha wa kusoma ng'ambo. Hapa yafaa tueleze alichokuwa akikisoma, kwa maana masomo yenyewe ni matatu yanayofuatana kama ngazi. Fizikia huchunguza vitu na nguvu zake: mwendo, joto, nuru, umeme na chembe ndogo kabisa. Fizikia ya nyota huzichukua kanuni hizo na kuzitumia juu angani: nyota ina joto kiasi gani, imeumbwa kwa hewa zipi, iko umbali gani, itaishi muda gani. Somo la tatu, kosmolojia, huuchukua ulimwengu wote kuwa kitu kimoja na kuuliza una ukubwa gani, umri gani, na unakwenda wapi. Mwanafunzi hawezi kuruka ngazi. Asiyejua hesabu za mwendo hawezi kuifahamu nyota, na asiyeifahamu nyota hawezi kuupima ulimwengu.

Lemaître alikwenda kwanza Cambridge, Uingereza, akawa mwanafunzi wa Arthur Eddington. Huyu ndiye mtaalamu aliyesafiri hadi kisiwa cha Principe, magharibi ya Afrika, kuangalia kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919. Picha zilizopigwa siku hiyo huko na kule Brazil zilionyesha kwamba nuru ya nyota hupindishwa na uzito wa jua, kama alivyokadiria Einstein. Kivuli cha siku ile kiliivuka Kongo kikapita kusini mwa Tanganyika. Sisi wa Uganda tunayo kumbukumbu ya zamani zaidi. Masimulizi ya Ankole yanasema kwamba jeshi la Bunyoro, likiwa limeteka ng'ombe wengi, lilitiwa hofu na giza la ghafla mchana huko Biharwe, likakimbia na kuwaacha ng'ombe. Tukio hilo hutajwa kuwa ni kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Jambo lililolikimbiza jeshi zima karne nne kabla, mtu mwenye elimu aliliendea na vyombo vya kupimia.

Kutoka Cambridge Lemaître alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi katika kituo cha nyota cha Harvard chini ya Harlow Shapley, na kujiandikisha kwa shahada ya pili ya udaktari katika chuo cha ufundi cha MIT. Hakukaa maktabani tu. Alisafiri kuwatembelea waliokuwa na darubini kubwa, akaviangalia vipimo vyao kwa macho yake. Mwaka 1925 alirudi Louvain kufundisha katika chuo kilekile alichokiacha kwa ajili ya vita.

ULIMWENGU UNAOPANUKA

Kila polisi anajua mlio wa king'ora. Gari likija kwako, mlio huwa mwembamba. Likikupita na kwenda zake, mlio hushuka na kuwa mzito. Nuru nayo ina tabia ya namna hiyo. Kitu kinachotukimbia angani nuru yake huelekea kwenye wekundu. Tangu mwaka 1912 Vesto Slipher wa Marekani alikuwa akipima nuru ya galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota yaliyo mbali na kundi letu, akaona kwamba nyingi zao zinatukimbia. Edwin Hubble naye alikuwa amepata njia ya kupima umbali wake. Lemaître alichukua vipimo vya mwendo na vipimo vya umbali, akaviweka pamoja na hesabu za Einstein. Mwaka 1927 alichapisha makala katika jarida dogo la kisayansi la Brussels, kwa Kifaransa. Alisema kwamba galaksi hazikimbii kama watu waliotishwa. Nafasi yenyewe iliyo kati yao ndiyo inayopanuka.

Jambo hili halina ugumu kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye gwaride. Tuseme askari 21 wamesimama mstari mmoja, kila mmoja mita 1 kutoka kwa mwenzake. Amri inatolewa kwamba katika dakika moja nafasi zote ziwe mita 2. Askari wa katikati ataona jirani yake amesogea kutoka mita 1 hadi 2, yaani amekwenda mita 1. Lakini mtu wa kumi atakuwa ametoka mita 10 hadi 20, yaani amekwenda mita 10 katika dakika ileile. Aliye mbali zaidi ameonekana kwenda kasi zaidi. Na askari yeyote mwingine katika mstari ule, akijitazama yeye, ataona vivyo hivyo. Hakuna aliye kitovu. Hiyo ndiyo kanuni aliyoipata Lemaître kwa hesabu.

Alikadiria hata kiasi cha kupanuka: kilomita 625 kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26. Leo twajua kwamba kiasi hicho ni karibu 70 tu. Kosa halikuwa katika hoja yake. Lilitoka katika vipimo vya umbali vya wakati ule, ambavyo vilizionyesha galaksi kuwa karibu mno. Kosa hilo lilimsumbua yeye na wenzake kwa miaka mingi, kwa kuwa liliufanya ulimwengu uonekane kuwa na umri mdogo kuliko dunia yenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1927 Einstein alifika Brussels kwa mkutano wa wataalamu. Lemaître alipata nafasi ya kuzungumza naye. Einstein alikiri kwamba hesabu zilikuwa sahihi, lakini akalikataa kwa ukali wazo lenyewe la ulimwengu unaopanuka, na akamweleza kwamba Friedmann alikwisha kuzifanya hesabu za namna hiyo. Padri kijana, ambaye hata hakuwa akilijua jina la Friedmann, alikuwa amekataliwa na mtaalamu mkuu kuliko wote duniani. Hakugombana naye, wala hakuifuta kazi yake. Alirudi Louvain akaendelea kufundisha.

Mwaka 1929 Hubble alitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokwenda kasi. Mwaka 1930 Eddington, baada ya kukumbushwa na mwanafunzi wake wa zamani, aliisoma upya makala ya 1927 na kuitangaza. Ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1931. Lemaître mwenyewe ndiye aliyeitafsiri, na aliiacha nje ile sehemu aliyokadiria kiasi cha kupanuka, kwa kuwa aliona vipimo vipya vimeipita. Kwa hiyo sifa yote ilikwenda kwa Hubble. Miaka mingi baada ya kifo chake, mwaka 2018, umoja wa wanafalaki wa dunia ulipiga kura na kupendekeza kanuni hiyo iitwe kwa majina yote mawili, Hubble na Lemaître.

MWANZO WA ULIMWENGU

Tuurudie mstari wetu wa gwaride. Kama nafasi zinaongezeka kila dakika, tukizirudisha dakika nyuma zitapungua, hadi wote wawe mahali pamoja. Mwezi wa Mei 1931 Lemaître alichapisha barua fupi katika jarida la Nature la Uingereza, akitoa wazo kwamba ulimwengu wote ulianza kama chembe moja yenye uzito wote ndani yake, ikapasuka na kuendelea kupasuka. Ndilo wazo lililokuja kuitwa Mlipuko Mkuu.

Wengi hawakulipenda. Wengine walishuku kwamba padri anajaribu kuingiza dini katika fizikia kwa mlango wa nyuma. Lemaître alikataa jambo hilo maisha yake yote. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alitoa hotuba iliyoihusisha elimu hiyo mpya na uumbaji. Lemaître, ingawa alikuwa padri mtiifu na mjumbe wa Chuo cha Sayansi cha Papa, hakufurahi. Aliona kwamba nadharia ya fizikia lazima isimame kwa vipimo peke yake, na kwamba imani haipaswi kutegezwa juu ya hesabu inayoweza kubadilishwa kesho. Aliwapa wakubwa wake heshima yao, na hesabu akaiachia haki yake, kama alivyofanya zamani mbele ya mkufunzi wa mizinga.

Vita Kuu ya Pili vilimkuta Louvain, na kazi yake ilikwama chini ya utawala wa Wajerumani. Baada ya vita alipenda sana mashine za kukokotoa, na mwaka 1958 alikiletea chuo chake kompyuta yake ya kwanza.

SIKU ZA MWISHO

Mwishoni mwa mwaka 1964 alishikwa na ugonjwa wa moyo. Mwaka uleule, huko New Jersey, Marekani, wanafizikia wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakisumbuliwa na mvumo katika antena yao kubwa. Waliusikia kila upande wa anga, usiku na mchana. Walisafisha hata mavi ya njiwa yaliyokuwa ndani ya antena, na mvumo haukuisha. Mwaka 1965 ilifahamika kwamba mvumo ule ni mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, lililopoa sasa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Habari hizo zilimfikia Lemaître mwezi wa Juni 1966, akiwa kitandani, zikiletwa na msaidizi wake wa miaka mingi, Odon Godart. Alifariki tarehe 20 Juni 1966, akiwa na umri wa miaka 71. Leo wataalamu wanakadiria kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8.

Ndugu wasomaji, elimu hii si ya Wazungu peke yao. Tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha kuchunguza miale ya nyota kilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, nacho kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mwaka 2022 satelaiti ya kwanza ya Uganda, iliyojengwa na wahandisi vijana wa nchi yetu waliosomea kazi hiyo Japani, ilipelekwa angani.

Tumesema mwanzoni kwamba askari wengi wanaliona lango la Makerere kuwa limefungwa. Chuo hicho kina mtihani maalumu wa kuingilia kwa watu wazima, na umri unaotakiwa ni kuanzia miaka 25. Huo ndio umri aliokuwa nao Lemaître alipokabidhi vifaa vyake vya jeshi mwaka 1919 na kuanza fizikia. Anayetaka kuifuata njia hiyo na aanze na hisabati, kwa kuwa bila hiyo ngazi ya kwanza haipandiki. Kitabu kimoja huenea katika mkoba wa lindo, na Lemaître alisoma chake mahali pabaya kuliko lindo lolote la Kampala.